Fahali wa Hereford kwa majike wa Boran: nimchague yupi kati ya hawa watatu?

Mfugaji wa Solai aliuliza:

Hamjambo wafugaji wenzangu, na heshima zangu kwa wazee waliomo humu.

Familia yetu inafuga ng'ombe wa nyama katika bonde la Solai, kaunti ya Nakuru. Kundi kubwa ni la Boran, wale ng'ombe wa nundu wa huku kwetu, majike 140 waliokwisha kuzaa na mitamba 31, na kando yao tuna majike sita wa Hereford safi, kabila la Ulaya, ambao marehemu baba aliwapenda sana na hakutaka wauzwe. Nia yangu ni kumtumia fahali wa Hereford kwa sehemu ya Boran hao ili nipate ndama chotara wanaokua upesi na kunona mapema, kwa sababu wanunuzi wetu wa nyama wanataka maksai wadogo wenye mwili kamili, wala hawako tayari kumngoja Boran afikishe miaka minne.

Miaka miwili iliyopita nilijaribu jambo hili nikaumia. Nilinunua fahali mkomavu aliyeletwa kwa lori akiwa amenona, mgongo umelala kama meza, manyoya yanameremeta, na kila aliyemwona alinipongeza. Nilimwachia majike 28 kwa miezi mitatu. Daktari alipokuja kupima mimba, alikuta tisa tu ndio wameshika. Kufikia mwezi wa pili fahali yule alikuwa amekwisha mwili, mguu wa nyuma anauburura, na mchana kutwa amelala chini ya mgunga. Niliishia kumuuza kwa bei ya nyama.

Sasa ninao fahali watatu waliozaliwa hapa nyumbani kwa wale majike sita, kwa njia ya uhimilishaji. Nitawataja kwa namba za hereni zao. Namba 07 alizaliwa tarehe 4 Machi mwaka jana akiwa na kilo 41, namba 09 tarehe 30 Machi akiwa na kilo 38, na namba 14 tarehe 22 Aprili akiwa na kilo 34. Wote waliachishwa kunyonya tarehe 20 Oktoba, wakapimwa kilo 214, 190 na 178 kwa mfuatano huo. Tarehe 20 Juni mwaka huu niliwapima tena: 07 ana kilo 402, 09 ana kilo 371, na 14 ana kilo 358. Saba ndiye anayependwa na wachungaji wote, kwa kuwa ana kifua kipana na kichwa cha kiume hasa. Uso wake ni mweupe kabisa hadi kwenye kope, ilhali 14 ana miviringo ya rangi nyekundu kuzunguka macho yote mawili, kama mtu aliyepaka wanja. Vilevile 14 hana pembe. Hawa wengine wawili wanazo.

Naomba ushauri wa mambo matatu. Nimchague yupi? Nimleeje kuanzia sasa ili asije akaanguka kama yule wa kwanza? Na je, anaweza kupanda majike 40 msimu huu, tukianza mwezi wa Julai?

Daktari wa Mifugo, Njoro, alijibu:

Ndugu mfugaji, pole kwa hasara hiyo. Umeleta tarehe na kilo, na hilo limenirahisishia kazi, maana wengi huniletea picha ya simu tu wakataka niamue kwa picha.

Jambo lenyewe la kupima hukulitaja, nalo ni korodani. Chukua utepe wa fundi cherehani, mwingize fahali kwenye kibanio, simama nyuma yake, shika shingo ya mfuko wa korodani kwa mkono mmoja na uzivute zote mbili kwa upole hadi zishuke chini kabisa na kulingana, kisha zungusha utepe pale palipo panene zaidi. Usikaze wala usilegeze. Fahali mwenye miezi 12 hadi 15 anapaswa kufikisha angalau sentimita 30. Kuanzia miezi 15 hadi 18, sentimita 31. Na akishapita miaka miwili, sentimita 34. Hivi ndivyo viwango vya chini kabisa wanavyotumia madaktari wanaopima fahali, na aliye chini yake hafai kupewa majike hata awe na kilo ngapi. Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo hutaiona leo: mabinti wa fahali mwenye korodani kubwa kwa umri wake huelekea kuingia kwenye joto la kwanza mapema kuliko wenzao. Kama utabakiza mitamba chotara, hiyo ni sehemu ya faida yako.

Baada ya hapo, mwite daktari aliye karibu achukue manii na kuyatazama kwa hadubini. Tunataka angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinasonga mbele, na asilimia 70 ziwe na umbo kamili. Achunguze pia uume na govi, hasa kwa 14, kwa kuwa fahali wasio na pembe huelekea zaidi kuteremsha ngozi ya ndani ya govi, nayo ikikwaruzwa na miiba huvimba na kuoza. Damu ichukuliwe kwa ajili ya brusela, ugonjwa unaotoa mimba. Kwa kuwa hawa hawajawahi kupanda, magonjwa ya zinaa ya ng'ombe hayanipi wasiwasi. Lakini ukiazima fahali wa jirani hata kwa siku mbili, hesabu hiyo inabadilika yote.

Kuhusu macho, tafadhali lichukue kwa uzito mkubwa. Hereford mwenye kope zisizo na rangi yumo hatarini kupata saratani ya jicho, kwa sababu ngozi isiyo na rangi haina kinga dhidi ya jua, na sisi tunaishi karibu na mstari wa Ikweta, tena juu mlimani, ambako jua halina huruma. Huanza kama kidoa cheupe kwenye jicho au kinundu kama chunjua ukingoni mwa kope; ukikiona mapema hukatwa kikaisha, ukichelewa jicho hung'olewa. Rangi ya kope hurithiwa. Boran wako, ambao wengi wana kope nyeusi, watawasaidia ndama kwa kiasi, lakini hakuna sababu ya kuanza na fahali mwenye kope nyeupe ukiwa na mwingine mwenye wanja wake wa kuzaliwa.

Na hao wote ni ng'ombe wa asili ya Ulaya, kwa hivyo ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe, haiwachezei. Kama hawajachanjwa, ile chanjo ya vimelea hai inayodungwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini ipewe nafasi kabla ya msimu wa kupandisha, lakini si wiki moja kabla. Fahali huchukua takriban siku 61 kutengeneza mbegu. Homa kali leo, iwe ya ndigana au ya ugonjwa wa miguu na midomo, huharibu mbegu atakazozitoa wiki kadhaa zijazo, ilhali kwa macho utamwona amekwisha kupona na anapanda vizuri. Nadhani baadhi ya wafugaji wanaolalamika kwamba fahali wao ni tasa walimpeleka kazini mwezi mmoja baada ya homa ambayo hakuna aliyeiandika.

Mzee wa Gilgil alijibu:

Salamu kwako kijana wangu, na kwa daktari pia. Nimesimamia ranchi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitasema nililoliona kwa macho yangu.

Fahali yule uliyemnunua hakuwa mgonjwa. Alilishwa kupita kiasi ili apendeze sokoni. Fahali aliyejaa mafuta hujaza mafuta hata kwenye shingo ya mfuko wa korodani, na korodani zinapaswa kuwa na ubaridi wa nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili. Mafuta yakizifunika kama blanketi, mbegu huharibika. Kisha ukamtoa kwenye hori la nafaka ukamtupa kwenye nyasi za Solai, atembee kilomita nyingi akifuata majike. Tumbo lake halikujua nyasi na kwato zake hazikujua mawe. Angehitaji miezi miwili ya kupunguziwa nafaka kidogo kidogo na kutembezwa, na hata hivyo mguu wake huenda ungemshinda.

Kwa hiyo walee watatu hao kama watu wa kazi. Kwa uzito walio nao sasa, malisho mazuri na nyasi kavu za boma Rhodes, pamoja na kilo tatu hivi za chakula cha nafaka na mashudu kwa siku kwa kila mmoja, zinatosha kumwongeza robo tatu ya kilo hadi kilo moja kwa siku. Usizidishe. Maji yawekwe upande mmoja wa uzio na chumvi upande wa pili kabisa, ili kila siku watembee bila kusukumwa. Wasitenganishwe kila mmoja peke yake; fahali aliyekulia peke yake hukosa adabu kwa wenzake na kwa watu, na siku moja atamuua mchungaji.

Nikitaja chumvi, sisemi ile nyeupe ya dukani. Udongo wetu wa majivu ya volkano umepungukiwa na madini ya kobalti, na zamani ng'ombe wa sehemu hizi walikuwa wakikonda na kuishiwa damu huku wamesimama kwenye nyasi za kijani, hadi ugonjwa huo ukapewa jina la mji wetu wa Nakuru kwa lugha ya wataalamu wa wakati huo. Bila kobalti, vijidudu vya tumboni haviwezi kumtengenezea ng'ombe vitamini B12, na ng'ombe akiikosa hupoteza hamu ya kula. Nunua chumvi ya madini iliyoandikwa kobalti na shaba kwenye mfuko, na uiweke mahali isipolowa mvua.

Sasa kuhusu miguu, kwa kuwa hukutuambia lolote. Kesho asubuhi mwaga maji mahali pakavu karibu na birika, ardhi ilainike, kisha wapitishe mmoja mmoja bila kuwaharakisha. Tazama nyayo. Kwato ya nyuma inapaswa kukanyaga ndani ya alama ya kwato ya mbele, au karibu sana nayo. Anayekanyaga nyuma mbali na alama hiyo ana hatua fupi, na mara nyingi utakuta miguu yake ya nyuma imenyooka kama nguzo. Fahali anapompanda jike, uzito wake wote huegemea miguu ya nyuma, na goti la nyuma lililonyooka mno huchakaa na kuvimba. Mguu uliopinda kupita kiasi kama mundu ni kasoro pia, ingawa mimi binafsi namwogopa zaidi yule wa nguzo. Tazama pia kama kucha mojawapo ya kwato imejisokota juu ya mwenzake, maana hilo hurithiwa.

Kwa macho ya mbali ningemchukua 07, nisikufiche. Mwili ule hauji kila mwaka. Lakini daktari amesema la macho na siwezi kumpinga.

Karani wa Mizani, Rongai, alijibu:

Mzee wetu, kwa heshima zote, naomba nipinge kidogo habari ya mwili wa 07, kwa sababu kilo hizo zinatudanganya.

Ndama hawa walipimwa siku moja lakini hawakuzaliwa siku moja. Siku ya kuachishwa kunyonya, 07 alikuwa na siku 230, 09 alikuwa na siku 204, na 14 alikuwa na siku 181 tu. Ni kama kuwapima urefu watoto wa darasa la sita na la nne halafu ukamsifu wa darasa la sita. Wafugaji wanaoweka kumbukumbu huwaleta wote kwenye siku 205: unatoa uzito wa kuzaliwa kutoka kwa uzito wa kuachishwa, unagawanya kwa siku alizoishi, unazidisha kwa 205, kisha unarudisha ule uzito wa kuzaliwa. Kwa 07, kilo 173 zikigawanywa kwa siku 230 ni gramu 752 kwa siku. Ukimaliza hesabu unapata kilo 195. Kwa 09 unapata kilo 191. Kwa 14, kilo 144 kwa siku 181 ni gramu 796 kwa siku, na jibu ni kilo 197. Yule mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa akikua upesi zaidi chini ya mama yake.

Naomba mwenye kundi atuambie pia umri wa mama zao, kwa sababu jike wa uzao wa kwanza huwa na maziwa machache kuliko aliyekomaa, na kwa kawaida ndama wake huongezewa kilo katika hesabu hii ili asionewe. Baada ya kuachishwa, 07 ameongeza gramu 774 kwa siku, 09 gramu 745 na 14 gramu 741. Tofauti ya 07 na 14 hapo ni gramu 33, ambazo ng'ombe akinywa maji kabla ya kupanda mizani hupotea zote. Siku nyingine wapime asubuhi kabla ya maji, wote kwa saa ile ile.

Nao uzito wa kuzaliwa usiupuuze. Jike wa Boran ana tabia njema ya kumbana ndama tumboni asizidi, ndiyo maana fahali wa Ulaya akimpanda jike wa asili ya zebu, yaani ng'ombe wa nundu, hapawi na shida kubwa ya kuzaa. Ukigeuza, fahali wa zebu kwa jike wa Ulaya, ndama huja mkubwa na shida huwa nyingi. Hata hivyo, kwa mitamba wako 31 nisingethubutu kumtumia fahali aliyezaliwa na kilo 41 nikiwa na wa kilo 34.

Mama Koru alijibu:

Nawasalimu nyote kutoka upande wa Kisumu. Nachangia kidogo tu, kwa ajili ya wasomaji walio huku chini. Tulileta fahali wa Hereford kutoka nyanda za juu mwezi wa Januari, na kufikia saa tano asubuhi alikuwa amesimama kivulini, ulimi nje, mbavu zinakwenda mbio, na majike waliokuwa kwenye joto walipita mbele yake asiwaangalie. Alipanda usiku na alfajiri tu. Manyoya yake yalikuwa mazito na hayakupukutika hata baada ya miezi minne. Mwishowe tulimrudia Sahiwal, ng'ombe wa nundu anayestahimili joto, na kwa mazingira yetu sijutii. Ndugu wa Solai uko juu zaidi na usiku wako una baridi, kwa hivyo huenda hutaliona hili. Lakini kati ya watatu hao mtazame aliye na manyoya mafupi na laini zaidi, naye ndiye atakayekaa malishoni mchana.

Mfugaji wa Solai aliandika tena:

Asanteni sana. Nimefanya yote mliyoniagiza, na nimeshangaa.

Nilianza na tope la birikani, kama mzee alivyoelekeza. Alama za 14 ziliingiana vizuri, nyuma ndani ya mbele, hata mchungaji akadhani ni ng'ombe wa miguu miwili aliyepita. Za 07 zilikaribiana. Za 09 zilibaki nyuma kwa upana wa kiganja changu, na nilipomtazama kwa ubavu niliona kwamba miguu yake ya nyuma imenyooka, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miezi yote niliyomlisha. Daktari wa hapa alikuja siku ya pili. Korodani za 07 zilipimwa sentimita 30 tu, naye ameshapita miezi 15. 09 alipata 32. Na 14, ambaye ana miezi 14, alipata 33. Manii ya 14 yalikuwa mazuri. Ya 07 yalikuwa na asilimia 61 tu ya mbegu zenye umbo kamili, na daktari alisema huenda bado hajakomaa, arudiwe baada ya siku 60.

Bwana Karani, mama wa 14 alikuwa mtamba, huyu ndiye ndama wake wa kwanza, na mwaka huu amekwisha kuzaa tena kwa wakati. Mama wa 07 ni jike wa uzao wa tano, tena mwenye kiwele kikubwa.

Kwa hivyo nimekubali kwamba ni 14. Imeniuma kwa ajili ya 07, nikikumbuka jinsi wachungaji wanavyomwita kwa mluzi naye akaja. Lakini sasa nina maswali mawili yaliyobaki. Majike 40 kwa 14 yanawezekana? Na mitamba chotara watakaozaliwa, niwapandishe kwa nani? Shemeji yangu ananishauri nimrudishie Hereford ili damu iwe nzito zaidi, tena nibakize dume mmoja chotara aliye mzuri ili nisinunue fahali tena.

Daktari wa Mifugo, Njoro, alijibu:

Majike 40 hapana. Fahali wa umri huu hupewa majike 10 hadi 15, na mwenye miaka miwili hupewa 20 hadi 25. Ukimzidishia sasa atakonda, atasimama kukua, na pengine atajiumiza. Mpe 12, waliokwisha kuzaa na wenye upole, kuanzia tarehe 25 Julai atakapokuwa amefikisha miezi 15, kwa wiki sita, kisha mtoe. Majike wengine waendelee na fahali wako wa Boran. Asiwe na hali ya mwili ya kupita wastani: ubavuni ukipitisha mkono uzihisi mbavu, lakini usizihesabu ukiwa mbali. Josho liendelee kila wiki kama kawaida.

Usimpe mama yake wala majike wale wengine watano kabla ya kuangalia nasaba zao. Na ikiwa unafikiria kuuza mbegu zake au kumtumia kwa Hereford safi, mpimie vinasaba, kwa kuwa kabila hili lina kasoro chache zinazojificha kwa wazazi na kujitokeza kwa watoto, kama ile ya ndama kuzaliwa na manyoya haba na ile ya kifafa. Kwa Boran kasoro hizo hazitajitokeza katika uzao wa kwanza, kwa sababu lazima zitoke pande zote mbili.

Karani wa Mizani, Rongai, alijibu:

Kuhusu shemeji, naomba umweleze kwa upole kwamba mashauri yake yote mawili yatakupunguzia kile unachokitafuta.

Ndama wa Hereford na Boran ana nguvu ya uchotara kamili, yaani ule ubora wa kukua na kustahimili unaotokana na kuchanganya makabila, kwa sababu kila jozi ya vinasaba vyake imepokea upande mmoja kutoka Ulaya na wa pili kutoka huku kwetu, na makabila yaliyo mbali kiasi hicho hutoa nguvu kubwa kuliko makabila mawili ya Ulaya yakichanganywa. Ukimpandisha chotara kwa chotara mwenzake, nusu ya nguvu hiyo inapotea katika uzao mmoja tu, na ndama wanatoka kila mmoja na sura yake: huyu ana nundu, huyu hana, huyu kupe wanamla, huyu hawamgusi. Mnunuzi anayetaka maksai 20 wanaofanana hatakurudia. Kwa hiyo madume chotara wote wahasiwe wakiwa wadogo, hata yule atakayependeza kuliko wote.

Ukimrudishia Hereford, ndama anakuwa na robo tatu za Ulaya, na kwa Solai, penye kupe na kiangazi cha Januari na Februari, naona huko ni kujitafutia gharama za dawa. Mpandishe mtamba chotara kwa fahali wa Boran. Binti zake nao, utakapofika wakati wao, warudi kwa Hereford asiye ndugu yao, na uendelee kupishanisha hivyo kizazi kwa kizazi. Njia hii hukuachia takriban theluthi mbili za nguvu ya uchotara bila kununua mitamba nje. Kinachohitajika ni kumbukumbu, ujue kila jike babake ni kabila gani. Katika uzao wa kwanza Mungu amekurahisishia, kwa kuwa uso mweupe wa Hereford hushinda rangi nyingine: ndama akizaliwa na uso mweupe huhitaji kumuuliza mtu alikuwa kwa fahali yupi. Uzao wa pili utakuchanganya, hapo tegemea daftari na hereni, si uso.

Nikiwa wewe, 07 ningemhasi kwa mkono wa daktari, kwa ganzi, nikamnonesha. Kilo zake hazitapotea.

Mfugaji wa Solai aliandika tena:

Nimemsomea shemeji maneno haya jana jioni. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza daftari liko wapi.

Nimetenga majike 12, wote waliozaa mara mbili au zaidi, na nimewahamishia kwenye malisho ya upande wa mto, palipo na kivuli na mawe machache. 07 na 09 watahasiwa wiki ijayo.

Mzee wa Gilgil alijibu:

Vyema, kijana wangu. Siku ya kumwingiza 14, mpeleke asubuhi mapema, mkiwa wawili, na mkae hapo hadi mwone amempanda jike mmoja na kushuka vizuri. Fahali mwanafunzi mara nyingine hupanda kwa ubavu au kwa upande wa kichwa. Mpe siku mbili tatu, atajifunza. Mchungaji aandike kila asubuhi namba ya jike aliyepandwa. Ukimwingiza tarehe 25 Julai, basi kuanzia tarehe 15 Agosti kaeni macho, kwa sababu jike aliyepandwa siku ya kwanza akakosa kushika atarudi kwenye joto siku hizo, baada ya siku 21. Wakirudi wawili au watatu ni kawaida. Wakirudi saba, mtoe fahali siku hiyo hiyo na umpigie daktari simu, usingoje wiki sita ziishe.